Je, wajua kwa nini wanafunzi weusi wa Marekani hupiga stepu bila ngoma?

Ukifika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, msimu ambao wahitimu hurudi chuoni kusherehekea, utawakuta vijana wamejipanga mstari uwanjani. Ngoma hakuna. Kisigino kinagonga chini, kiganja kinapiga paja, goti linapanda na viganja viwili vinakutana chini yake. Kimya kidogo, halafu wote wanatua kwa kishindo kimoja. Pembeni akina mama waliohitimu zamani, wamevaa pinki na kijani, wanawaitikia kwa mlio mwembamba wa chama chao cha tangu enzi za chuo.

Ngoma ilikwenda wapi? Tarehe 9 Septemba 1739, watumwa waliokuwa karibu na mto Stono, South Carolina, waliasi. Waliandamana wakipiga ngoma ili wenzao wasikie na kujiunga nao. Uasi ulizimwa kwa damu, na mwaka 1740 koloni likatunga sheria iliyowakataza watumwa ngoma na baragumu. Lakini nani angewanyang'anya mapaja na viganja? Wakaupiga mwili wenyewe, mchezo ulioitwa juba. Stepu ya vyuoni, iliyokua katika karne ya 20, ina damu ya juba, na ina gwaride la kijeshi ndani yake pia. Msomaji wa pwani ataikumbuka beni: Lamu na Mombasa nako watu walilichukua gwaride la mkoloni wakaligeuza ngoma ya mashindano, mtaa kwa mtaa.

Kilichoipeleka stepu vyuoni ni upweke. Mwanzoni mwa karne hiyo, wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, walikuwa wachache mno, na mwaka mmoja sita kati yao hawakurudi masomoni. Wenzao waliobaki wakaanza kukutana, kusoma pamoja na kushikana mkono. Desemba 1906 saba kati yao wakaunda chama cha udugu, Alpha Phi Alpha. Leo vyama vikubwa vya namna hiyo, ambavyo ndivyo vilivyoikuza stepu, ni tisa, na vitano vilizaliwa Howard. Kamala Harris, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani, alijiunga na kimojawapo, Alpha Kappa Alpha cha mwaka 1908, alipokuwa akisoma hapo. Kwa hiyo mtu asiione furaha hii kama pambo la maisha ya chuo. Ilijengwa makusudi, na watu waliojua kwamba kijana akikaa peke yake ataacha shule.

Na mwili una siri yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapima wapiga makasia kwa kuwabana mkono kwa mkanda wa kupimia presha mpaka waseme inauma. Waliopiga makasia kwa pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipofanya zoezi lilelile kila mtu peke yake. Maelezo yao ni kwamba mwendo wa pamoja huongeza endofini, kemikali ambazo mwili hutengeneza wenyewe kutuliza maumivu, na ambazo pia huwafanya watu wajisikie ndugu. Ndiyo maana kucheza peke yako chumbani, ingawa kuna raha yake, hakukufikishi pale mstari unapofika.

Lipo doa, na si dogo. Katika baadhi ya vyama na bendi za vyuo, wanaotaka kujiunga wamepigwa na kudhalilishwa ili wakubaliwe, na wapo waliokufa. Kwangu mimi huo ni usaliti: chama kilichoundwa ili mtu asivunjike hakina haki ya kumvunja.

Turudi uwanjani. Vijana wakimaliza, wazee wa chama huitwa mbele. Kuna ambaye goti lake limekataa kupanda tangu miaka mingi. Yeye hupiga paja tu kwa kiganja, mahali pake, na kishindo kikishuka kiganja chake kimo ndani.