Nusu kaputi kwa kichanga na kwa bibi: dhana potofu na ukweli

Ndugu wanaosubiri kwenye korido za hospitali za Dar es Salaam huiogopa nusu kaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi, kuliko kisu chenyewe, hasa anayepasuliwa anapokuwa kichanga au bibi wa miaka 80. Hofu hiyo inaeleweka, lakini tafiti zinaonyesha kwamba hatari kubwa mara nyingi iko kwingine.

Dhana: nusu kaputi huharibu akili ya mtoto.
Katika utafiti uliofanyika katika nchi 7, vichanga 722 waliopasuliwa ngiri waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa ya usingizi kwa muda ambao kwa kawaida haukufika saa moja, na wengine ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba walipofika miaka 5 vipimo vyao vya akili vililingana. Jibu hilo linahusu operesheni fupi ya mara moja. Kwa zile zinazozidi saa 3 au zinazorudiwa kabla ya miaka 3, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2016.

Dhana: kichanga asinyonye tangu saa sita usiku.
Tumbo linatakiwa kuwa tupu ili chakula kisiingie kwenye mapafu, ila miongozo mingi huruhusu maziwa ya mama hadi zibaki saa 4 kabla ya dawa ya usingizi, na maji hadi zibaki saa 2. Kufunga kupita kiasi hushusha sukari ya kichanga, kwa hiyo mama amuulize mtaalamu wa usingizi saa kamili ya kuacha.

Dhana: bibi aliyevunjika nyonga atanusurika kwa ganzi tu.
Utafiti wa mwaka 2021 wa wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada ulikuta kwamba baada ya siku 60, waliofariki au kushindwa kutembea walikuwa asilimia 18.5 kwa ganzi ya mgongoni na 18.0 kwa nusu kaputi. Hata kuweweseka baada ya operesheni hakukutofautiana. Usiku wa pili bibi anapomwita marehemu mumewe na kuvuta mrija wa dripu, wapo wanaosema ni majini, na wapo wanaosema ni uzee tu, ilhali huenda ni maumivu, maambukizi, mkojo uliozuilika au upungufu wa maji, na muuguzi anapaswa kuambiwa mara moja. Arudishiwe miwani yake, anyweshwe maji akiruhusiwa, aachwe alale usiku, ainuliwe kitandani mapema, na asikie sauti anayoifahamu.

Dhana: akishatoka chumba cha upasuaji, hatari imekwisha.
Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba wagonjwa wetu, ingawa walikuwa vijana na wenye maradhi machache kuliko wa kwingineko, walifariki kwa kiwango maradufu ya wastani wa dunia, na wengi mno walifariki baada ya siku ya operesheni, wakiwa wodini, ambako muuguzi mmoja huangalia vitanda vingi. Ndugu aliye kando ya kitanda akiona pumzi zinakwenda mbio, bandeji inalowa damu au mgonjwa haamki anapoitwa, amwite muuguzi papo hapo bila kusubiri raundi ya asubuhi.