Risasi za mazoezi: usiulize tu kama zina sumu, uliza sumu inakwenda wapi

Kwa majeshi mengi, sehemu kubwa ya risasi na makombora huishia mazoezini, si vitani. Tena huishia mahali pale pale mwaka baada ya mwaka: tuta lile lile la kuzuia risasi, shabaha zile zile, sehemu ile ile ya kufyatulia. Kazi yangu ni kupima udongo na maji ya viwanja vya namna hiyo, na swali ninaloulizwa mara nyingi na maafisa ni hili: risasi ipi haina sumu? Naelewa kwa nini wanauliza, lakini swali hilo peke yake limeshawapoteza wengi. Mimi huwarudishia jingine: kitakachobaki ardhini baada ya mlio, mvua ikinyesha kitakwenda wapi?

Tuanze na bunduki. Risasi ya kawaida ina kiini cha madini ya risasi (kwa Kiingereza, lead) kilichochanganywa na antimoni kidogo, ambayo nayo ina sumu, ili kiwe kigumu, kisha kikavikwa koti la shaba. Ikigonga tuta husambaratika, hasa inapokutana na risasi zilizotangulia. Vipande na vumbi lake huliwa taratibu na hewa na maji, na kuanzia hapo udongo ndio unaoamua. Kwenye udongo wenye tindikali, madini ya risasi huyeyuka na kushuka chini. Kwenye pH (kipimo ambacho kikipanda, tindikali imepungua) ya takribani 6.5 hadi 8.5 hutulia karibu na yalipoangukia. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ambao kila mtu huutoa ni kumwaga chokaa ili kupunguza tindikali.

Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Antimoni hufuata kanuni ya kinyume: pH ikipanda, yenyewe ndiyo huanza safari. Hata fosfati, inayoyashika madini ya risasi vizuri sana, inaweza kuifukuza antimoni kutoka kwenye chembe za udongo. Kinachoishika antimoni ni misombo ya chuma. Kwa hiyo tuta linalotibiwa kwa chokaa huku maabara ikipima madini ya risasi pekee linaweza kutoa ripoti nzuri wakati sumu nyingine inateremka bila kuonekana. Mimi napendelea risasi isiachwe ardhini kabisa: iangukie kwenye mitego ya mpira au masanduku ya mchanga yaliyoezekwa, na matuta ya zamani yachekechwe, chuma chakavu kiuzwe. Uswisi, ambako kupiga shabaha ni sehemu ya wajibu wa kijeshi, imekuwa ikitoa fedha za serikali kuu kusaidia kusafisha matuta ya zamani. Kusafisha udongo kuna gharama kubwa kuliko kuukinga.

Mfano unaonifanya nisisitize suala la mwendo wa sumu ni Camp Edwards, kambi iliyoko Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kambi hiyo imekaa juu ya maji ya chini ya ardhi ambayo wakazi wa rasi hiyo huyategemea kwa kunywa. Mwaka 1997 EPA, shirika la serikali la mazingira, lilisimamisha mazoezi ya risasi na makombora ya kweli. Mwaka 1999 zikaletwa risasi za tungsteni na nailoni, kwa imani kwamba metali hiyo haiyeyuki. Iliyeyuka. Tungsteni ilipatikana kwenye udongo na kwenye maji ya chini, na mwaka 2006 risasi hizo zikaachwa. Waliozichagua walikuwa na nia njema na walikuwa wanaondoa sumu inayojulikana. Kilichokosekana ni kipimo cha jinsi mbadala wake unavyosafiri kwenye mchanga wenye tindikali wa pale pale.

Norwei ilikutana na tatizo la aina nyingine. Ilipohamia risasi zisizo na madini ya risasi, askari wakaanza kulalamikia homa, baridi, kikohozi na kuumwa kichwa baada ya mazoezi, na uchunguzi ukaelekeza kwenye moshi wenye chembe laini za shaba na zinki. Marekani tangu 2010 inatumia risasi ya M855A1, yenye kiini cha shaba na ncha ya chuma kigumu. Nafurahi kwamba madini ya risasi yameondoka humo. Lakini shaba ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo wa majini, kwa hiyo tuta lililo jirani na kijito bado linahitaji ulinzi ule ule.

Kwenye viwanja vya mizinga na mota, wasiwasi wangu mkubwa ni vilipuzi. Mchanganyiko uitwao Composition B una takribani asilimia 60 ya RDX na asilimia 40 ya TNT. Vitu hivi viwili hukaa ndani ya kombora moja, lakini vikishafika ardhini kila kimoja hushika njia yake. TNT hung'ang'ania udongo na kuvunjwavunjwa na vijidudu. RDX haing'ang'anii: huyeyuka polepole, na ikishayeyuka huteremka na maji. Ndiyo iliyokutwa chini ya Camp Edwards, pamoja na pakloreti, kemikali inayoizuia tezi ya thairoidi kuchukua madini joto. Imebidi maji hayo yavutwe juu na kuchujwa kwa miaka mingi.

Sasa, RDX hiyo hutoka wapi hasa? Jibu lake lilipatikana kwa njia ninayoiheshimu sana. Watafiti wa maabara ya CRREL ya Jeshi la Marekani walilipua makombora juu ya theluji safi, wakakusanya theluji yenye masizi, wakaiyeyusha na kupima kilichobaki. Kombora lililolipuka sawasawa huacha chembe kidogo mno, zisizoweza kueleza uchafuzi wote unaoonekana viwanjani. Lililopasuka nusu hutawanya vipande vizima vya kilipuzi, na moja tu la hayo linaweza kuacha RDX nyingi kuliko maelfu ya yaliyolipuka vizuri. Kuna pia yasiyolipuka kabisa, ambayo hulala ardhini hadi ganda lioze kwa kutu. Kwa hiyo fyuzi (kifaa kinacholipua kombora) isiyoshindwa inalinda maji kuliko mbinu nyingi za kusafisha ninazozijua.

Hapo ndipo makombora mapya yasiyoshtuka upesi yanapoleta mgogoro. Yametengenezwa ili ghala likiungua au gari likigongwa, askari wasife, na faida hiyo ni ya kweli. Aina moja ya vilipuzi vyake, IMX-101, iliidhinishwa mwaka 2010 kuchukua nafasi ya TNT kwenye makombora ya milimita 155. Lakini kilipuzi kisichoshtuka upesi hakiteketei upesi pia: kombora bovu likilipuliwa pale lilipolala, sehemu kubwa inaweza kubaki. Na NTO, mojawapo ya viambato vya IMX-101, huyeyuka zaidi ya gramu 10 kwa lita ya maji, wakati RDX huyeyuka miligramu makumi tu. PAX-21, aina nyingine ya vilipuzi hivyo iliyojazwa kwenye makombora ya mota ya milimita 60, ilikuwa na pakloreti ndani yake. Vipimo vilionyesha pakloreti nyingi ikisalia hata baada ya mlipuko wa kawaida, na kombora hilo likazuiwa kutumika mazoezini.

Wakanada walianzia upande mwingine. Mradi wao wa RIGHTTRAC ulisanifu kombora la milimita 105 huku mazingira yakiwa sharti tangu mwanzo: RDX iondolewe na nafasi yake ichukuliwe na HMX, kilipuzi kinachoyeyuka kwa kiasi kidogo kuliko RDX, na fyuzi iongezewe kifaa cha kujilipua ili yasiyolipuka yakaribie sifuri. Mpangilio huo wa mawazo ndio ningependa kuuona kila mahali.

Sehemu ya kufyatulia nayo husahaulika. Baruti isiyoungua huacha viambato vyake vyenye sumu, nitrogliserini na DNT, mbele ya bunduki na mizinga, na nyuma ya maroketi ya begani. Kuna kosa la ziada ambalo ni rahisi kulikomesha: vifurushi vya baruti vinavyobaki baada ya mazoezi ya mizinga na mota huchomwa moja kwa moja juu ya udongo. Kuvichomea kwenye sinia la chuma, kisha majivu yakakusanywa, ni kazi nyepesi yenye faida kubwa.

Mwaka 2017 ilienea habari kwamba Jeshi la Marekani linatafuta risasi za mazoezi zinazooza na kubeba mbegu. Habari hiyo ilipendwa sana. Plastiki inayooza naiunga mkono, lakini mbegu haziondoi RDX kwa kuota tu. Kinachonitia moyo zaidi ni majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 kutoka Fort Drum, New York: nyasi za Panicum virgatum zilizopandikizwa jeni za bakteria wa udongo ziliinyonya RDX na kuivunja ndani ya mmea. Hiyo ni tiba ya viwanja vilivyokwisha kuchafuka, na inahitaji miaka.

Kwa risasi zinazonunuliwa leo, naomba mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba. Mtengenezaji aonyeshe kiasi kinachobaki kombora likilipuka vizuri, likipasuka nusu, na likiharibiwa pale lilipolala. Aonyeshe jinsi mabaki hayo yanavyoyeyuka na kusafiri kwenye udongo wa uwanja utakaotumia risasi hizo, si kwenye mchanga wa maabara. Na moshi upimwe usawa wa pua ya anayefyatua. Vipimo hivyo vifanyike kabla shehena ya kwanza haijafika ghalani, maana zikishagawiwa vikosini, kuzirudisha huwa vigumu mno.