Dripu ya saratani si lazima ifute uzazi

Kijana akianza matibabu pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, majirani huanza kunong'ona: "Huyo watoto tena basi." Si kweli kwa kila mgonjwa. Hatari hutegemea aina ya dawa, kipimo, umri na sehemu inayopigwa mionzi. Saiklofosfamidi, mojawapo ya dawa za saratani, kwa dozi kubwa huumiza sana ovari na korodani, na mionzi ya nyonga vilevile. Dawa nyingine madhara yake kwa uzazi ni madogo, na wapo wengi waliopona wakazaa.

Kinachoniuma ni wakati unaopotea. Mvulana aliyebalehe anaweza kutoa mbegu zikagandishwa kabla ya dripu ya kwanza, kwa siku moja tu. Binti huhitaji takriban wiki 2 za sindano ili mayai yavunwe. Asiyevunja ungo hukatwa kipande cha ovari kikahifadhiwa. Mwanamke wa kwanza kuzaa baada ya kurudishiwa kipande chake alijifungua Ubelgiji mwaka 2004. Wazazi, mwulizeni daktari siku ileile ya majibu, hata kama huduma itabidi itafutwe hospitali nyingine.

Tena, hedhi kukatika wakati wa tiba si kinga ya mimba. Kinga bado inahitajika.