Je, wajua: kwa nini timu za soka za wanawake Ufaransa zilikuwa zikifungwa zinapata pointi?

Ukikutana na msimamo wa ligi kuu ya wanawake ya Ufaransa wa msimu wa 2014/15, utadhani aliyeuandika amekosea hesabu. Lyon walicheza mechi 22, wakashinda zote 22, na mbele ya jina lao pameandikwa pointi 88. Kwa pointi tatu tulizozoea, walitakiwa kuwa na 66.

Hakuna aliyekosea. Hadi msimu wa 2015/16 ulipomalizika, daraja la kwanza na la pili la wanawake huko lilikuwa na hesabu yake: ushindi pointi nne, sare mbili, kufungwa moja. Ndiyo, hata ukichapwa kumi bila, unapanda basi kurudi nyumbani na pointi yako moja. Sifuri ilikuwa ya timu ambayo haikutokea uwanjani.

Hesabu hiyo ilikuwa ya soka la ridhaa, na soka la wanawake lilikaa huko miaka mingi. Shirikisho la Ufaransa lililitambua rasmi mwaka 1970, na ubingwa wa kwanza wa taifa chini ya shirikisho hilo, wa 1974/75, ukachukuliwa na Reims. Lakini kutambuliwa ni jambo moja, kulipwa mshahara ni jingine. Daraja la pili, ambalo kabla ya mabadiliko ya 2016 lilikuwa na makundi matatu ya timu 12, liligawanywa kijiografia ili kupunguza safari, na bado safari zilikuwa ndefu kwa watu ambao Jumatatu asubuhi wanatakiwa kazini au darasani.

Chukua Jumapili moja ya Februari. Kipa yuko zamu kazini, beki wa kati ana mtihani kesho yake, mwingine goti limevimba. Kanuni za Ufaransa zinataka timu iwe na wachezaji wasiopungua wanane ndipo mechi ya kumi na mmoja kwa kumi na mmoja ianze. Wakipatikana wanane, wanajua kabisa watafungwa, tena vibaya. Waende, au wabaki nyumbani? Ile pointi moja ndiyo ilikuwa sababu ya kwenda.

Na wasipokwenda, wanaoumia ni wengi. Wenyeji wamechora mistari ya chokaa, mwamuzi amesafiri, wazazi wameshafika, halafu mechi hakuna. Wenyeji wanapewa ushindi wa mezani wa mabao matatu, ilhali wapinzani wao kwenye msimamo walitoka jasho dakika 90 kuupata ushindi kama huo. Mimi naona huo ndio ubaya mkubwa zaidi, maana ligi yenye mechi nyingi za mezani huacha kuaminika hata kwa wanaoicheza.

Kinachonifurahisha ni kwamba pointi hiyo haikumpendelea mtu. Nne, mbili na moja ni tatu, moja na sifuri zilezile, ila kila aliyefika ameongezewa moja. Timu zote zikicheza mechi zake zote, bingwa ni yuleyule na wa kushuka ni walewale. Tofauti inamwangukia aliyekosa kuja, basi.

Kuanzia msimu wa 2016/17 wanawake nao wakahamia kwenye pointi tatu kwa ushindi. Tangu hapo mengi yamebadilika: daraja la tatu la taifa limeanzishwa upya mwaka 2023, na tangu Julai 2024 madaraja mawili ya juu yako chini ya ligi ya kulipwa. Lakini ingia kwenye kanuni za ligi nyingi za mikoa za Ufaransa leo, utaikuta hesabu ya zamani imejificha humo. Ushindi tatu, sare moja, kufungwa sifuri, na timu isiyotokea inakatwa pointi moja. Toa moja kwenye kila namba ya zamani, utaona ni zilezile.