Maneno ya ulevi ya Kiingereza na maana zake nyingine

Wiki iliyopita nilikuwa nahariri maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya filamu ya Kimarekani. Jamaa anatoka baa akipepesuka, rafiki yake anamnyooshea kidole: "He's loaded." Mfasiri, kijana makini, ameandika "Ana pesa nyingi." Hakubuni. Neno hilo asili yake ni kubebeshwa mzigo, na limezaa watoto wengi: bunduki "loaded" ina risasi, swali "loaded" lina mtego ndani yake, mtu "loaded" ni tajiri, na kwa Wamarekani mtu huyohuyo anaweza kuwa amelewa chakari. Kamusi ilimpa maana zote. Ya kuchagua ilionekana kwenye miguu ya yule jamaa.

Nimekaa na kazi hii miaka mingi, na hakuna eneo la Kiingereza linalowaangusha wafasiri wetu kama hili. Waingereza na Wamarekani wamelirundikia maneno bila kuchoka. Januari 1737 Benjamin Franklin alichapisha kwenye gazeti lake, Pennsylvania Gazette, orodha ya namna za kusema mtu amelewa, zikapita 200. Na tangu hapo zimeongezeka. Leo mlevi "hammered" amepigwa nyundo, "smashed" amevunjwavunjwa, "plastered" amepigwa lipu. Hata sisi tunao mtindo huo. Tunasema fulani yuko tungi, kapiga maji, yuko bwii, na mgeni aliyejifunza Kiswahili darasani hatajua ni maji gani hayo.

La hatari zaidi ni "pissed". Mwingereza akisema "I was pissed" anakiri kwamba alilewa. Mmarekani akitamka maneno hayohayo anakwambia alikasirika. Mwingereza mwenye hasira huongeza "off" baada yake. Kwa hiyo kabla hujaandika neno, jua msemaji ametoka upande upi wa Atlantiki. Na usilitumie ofisini, maana mzizi wake ni mkojo.

"Stoned" leo ni aliyelewa bangi, ila miaka ya 1950 lilikuwa la mlevi wa pombe, na anayesoma Biblia kwa Kiingereza atalikuta kwa Stefano, aliyeuawa kwa kupigwa mawe. "Wasted" ni muda uliopotea bure, ni mtu aliyelewa hajitambui, na kinywani mwa jambazi ni mtu aliyeuawa. "High" ni juu tu, mpaka aongelewe mtu mwenye stimu kichwani.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "dope". Waholanzi walikuwa na "doop", mchuzi mzito wa kuchovyea. Katika karne ya 19 likashika Marekani, kwanza likiwa mchuzi, halafu kitu chochote kizito chenye kunata, halafu afyuni iliyochemshwa ikawa uji mzito tayari kwa kuvutwa. Hapo likatawanyika. Likawa dawa za kulevya kwa jumla. Likawa kumpa farasi au mwanariadha dawa za kumwongezea nguvu, ndiyo "doping" tunayoisikia kila Olimpiki. Pia ni mtu mjinga, likawa habari za ndani, na kwa vijana wa hip hop likawa kitu kizuri mno. "That beat is dope" ni mdundo mkali, basi. Angalia jinsi "kali" yetu ilivyokaa palepale: pombe kali, dawa kali, ngoma kali.

Nasi tuna safari kama hiyo. Kasumba ilikuwa afyuni. Leo ukisema mtu ana kasumba, hakuna anayewaza moshi. Tunaelewa mawazo aliyolishwa yakamganda kichwani, hasa yale ya kikoloni.

Kwenye uraibu mambo huwa mazito zaidi. "Addict" limetoka Kilatini. Katika sheria ya Roma, "addictus" alikuwa mdeni aliyeshindwa kulipa, hakimu akamkabidhi mikononi mwa aliyemdai. Kila nikimwona kijana aliyeshikwa na arosto, yale mateso ya kukosa dawa, amejikunja ukutani, jasho linamtoka na huku anatetemeka kwa baridi, naikumbuka hukumu hiyo. Lakini neno hilohilo Mwingereza analitumia kwa mpenzi wa chokoleti au tamthilia, kama anavyotumia "hooked", samaki aliyenasa kwenye ndoano. Ukimwita huyo mraibu wa dawa umemwonea.

"Junk" ilianza melini, ikiwa kamba chakavu. Ikawa takataka, ikawa heroini, na mtumiaji akaitwa "junkie", mtu wa jalalani. Naona ni tusi, na "teja" letu haliko mbali. Kwa waandishi wa habari wa Marekani, mwongozo wa lugha wa shirika la Associated Press wa mwaka 2017 ulishauri hata "addict" lisitumike kama jina la mtu, bali isemwe kwamba ana uraibu. Nakubaliana nao kabisa.

Mwisho wa filamu ile, mwanamke anampigia mama yake simu: "I've been clean for two years." Askari akimpapasa mshukiwa na kusema "He's clean", maana yake hana silaha. Mwanariadha "clean" hajatumia dawa za kuongeza nguvu. Mwanamke huyu wa filamu aliwahi kujidunga heroini. Kijana wetu aliandika "Nimekuwa msafi kwa miaka miwili," kana kwamba zamani haogi, na kana kwamba waliobaki kwenye unga ni wachafu. Nilifuta, nikamfikiria binti wa Kinondoni akimwambia mama yake habari hiyohiyo, nikaandika: "Mama, mwaka wa pili huu sigusi unga."