Mashine za hospitali na rangi ya ngozi: dhana na ukweli

Dhana: Mtu mweusi lazima apigwe eksirei kwa mionzi mingi zaidi.

Si kweli, na dhana hii imeshaumiza watu. Huko Marekani, hadi miaka ya 1960, mafundi wengine wa eksirei waliwaongezea wagonjwa weusi mionzi kwa madai kwamba mifupa yao ni mizito. Mwaka 1968 jambo hilo lilifichuliwa na kuzua hasira. Melanini, inayoipa ngozi weusi wake, haizuii eksirei. Fundi huangalia unene wa sehemu anayoipiga picha.

Dhana: Basi mashine zote hazijali rangi.

Zinazotumia mwanga zinajali. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi (usioonekana kwa macho), kisha hukadiria oksijeni kwa jinsi damu inavyoufyonza. Melanini nayo huufyonza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha kifaa hicho na vipimo vya damu yenyewe. Pale kiliposoma asilimia 92 hadi 96 kwa wagonjwa weusi, karibu mara 12 katika kila 100 oksijeni ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, karibu mara 4. Inauma kufikiria mgonjwa anayehema kwa shida akiambiwa yuko sawa kwa sababu namba imependeza.

Hata picha zinazochanganya leza na ultrasaundi zina shida hiyo. Leza hupasha tishu, tishu hutoa sauti, mashine husikiliza. Kwenye ngozi nyeusi, sauti ya melanini hufunika ya mishipa iliyo chini yake. Mwaka 2023 mhandisi Muyinatu Bell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walionyesha kwamba kuchakata mawimbi kwa njia nyingine hupunguza kelele hiyo.

Dhana: Kasoro ni ya ngozi.

Kasoro ni ya majaribio. Mwongozo wa 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, uliridhika kifaa cha kidoleni kikijaribiwa kwa watu 10, wawili tu wakiwa weusi. Rasimu ya Januari 2025 inataka angalau 150, wa rangi mbalimbali.

Dhana: Kifaa cha kidoleni hakifai kabisa.

Kinafaa, hasa kuonyesha kama namba inashuka. Ila mgonjwa akihema haraka au ulimi na fizi zikigeuka rangi ya kijivu, mwambieni daktari apime damu, hata kifaa kikisoma 95.