Maumivu ya mgongo ya "mwili na akili": maana yake nini hasa?

Unainama kufunga kamba za viatu kabla ya kwenda kukimbia. Vidole bado havijagusa kamba, lakini kiuno kimeshakaza, pumzi umeibana, na yale maumivu unayoyajua yamekushika palepale pa siku zote. Mgongo uliumia kweli, miaka miwili iliyopita, ulipoinua mzigo. Tangu hapo umepigwa picha, umepimwa nguvu za miguu, na jibu ni lilelile: hakuna pingili iliyovunjika, hakuna neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa. Kisha mtu, pengine daktari mwenyewe, anakuambia kwamba haya ni maumivu ya mwili na akili. Wewe unasikia jambo moja tu: eti najitungia.

Wengi huishia hapo kwa hasira. Ni hasara, maana dhana yenyewe haisemi hivyo hata kidogo.

Inachosema ni kwamba maumivu yote, hata ya kidole kilichobanwa na mlango, hutengenezwa kwenye ubongo. Neva za mgongoni zinapeleka taarifa tu: hapa pamevutika, hapa pamegandamizwa, hapa pana joto. Ubongo unazichukua taarifa hizo na kuzipima pamoja na unayoyakumbuka, unayoyaona, unayoyatarajia, hata ulivyolala usiku, kisha unaamua kama kuna hatari ya kukukinga nayo. Ubongo ukiona ipo, wewe unaumia. Uamuzi huo hauupitishi wewe, kama ambavyo huamui moyo wako udunde mara ngapi. Ndiyo maana kumwambia mtu "acha kuyafikiria" hakumsaidii kitu. Mimi naona ni utovu wa adabu.

Mwaka 1995, jarida la tiba la British Medical Journal lilisimulia kisa cha mjenzi wa miaka 29 aliyeruka chini akatua juu ya msumari wa sentimita 15. Msumari ulipenya kiatu. Kila ulipotikisika kidogo aliumia mno, ikabidi apewe dawa kali za kumtuliza ndipo uchomolewe. Kiatu kilipovuliwa, ikaonekana msumari ulipita katikati ya vidole. Mguu ulikuwa mzima kabisa. Yule bwana hakuwa anaigiza. Macho yake yalikuwa yameona msumari ukiingia kiatuni, na ubongo ukatoa hukumu kwa ushahidi uliokuwepo.

Hata tafsiri rasmi ya maumivu imeliweka jambo hili wazi. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, kilipoirekebisha mwaka 2020 kilisema maumivu ni hali isiyopendeza ya hisi na hisia inayohusiana na kuumia kwa tishu, kulikotokea au kunakoweza kutokea, au inayofanana na hali hiyo. Hilo "inayofanana" lina uzito: mtu anaweza kuumia bila tishu kuharibika.

Sasa turudi mgongoni. Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu. Kwa kawaida misuli au kano iliyovutika huwa imeshapona kufikia hapo, ila mfumo wa neva umebaki mwepesi wa kushtuka, kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Wataalamu wana jina la hali hii: maumivu ya nosiplastiki, yaani yanayotokana na mabadiliko ya namna neva na ubongo vinavyochakata ishara, pasipo jeraha la wazi la kuyaeleza.

Kwa nini yachague wakati wa mazoezi? Kwa sababu hapo ndipo ubongo ulipojifunza hatari. Kuinama, kuinua, kukimbia: kila tendo limefungamanishwa na siku ile ulipoumia. Watafiti waliwahi kuwavalisha watu wenye maumivu sugu ya shingo miwani ya kompyuta inayodanganya macho. Walipoonyeshwa kwamba wamegeuza shingo kidogo kuliko walivyogeuza kweli, maumivu yalichelewa kuanza. Walipoonyeshwa kwamba wamegeuza zaidi, yaliwahi. Shingo ni zilezile, ila macho yaliutangazia ubongo habari tofauti.

Juu ya hapo kuna kujikaza. Mtu anayeogopa mgongo wake huinama kama ubao: tumbo limeshikwa, pumzi imebanwa, misuli ya kiuno imekaza mwanzo hadi mwisho. Misuli iliyokazwa hivyo siku nzima huchoka na kuuma yenyewe, naye anachukulia uchungu huo kuwa ushahidi kwamba mgongo umeharibika. Anaacha mazoezi, mwili unalegea, na siku akijaribu tena anaumia mapema zaidi.

Picha nazo huchangia. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski, vile vipande laini vya kati ya pingili, kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo ripoti inayosema "diski zimechakaa" mara nyingi inaeleza umri wako tu, kama mvi.

Kuna mahali ambapo mimi huwa mwangalifu. Daktari wa New York, John Sarno, aliyefariki mwaka 2017, aliipa dhana hii umaarufu mkubwa kwa kudai kwamba ubongo hupunguza oksijeni kwenye misuli ili kukusahaulisha hasira ulizozizika. Wapo wengi wanaoapa kwamba aliwaponya, nami sina sababu ya kuwabishia. Lakini hilo la oksijeni halijathibitishwa, na si kila mgongo unaouma umeficha hasira. Wakati mwingine ni hofu ya kawaida tu.

Ushahidi ulio imara zaidi ni jaribio lililotangazwa mwaka 2021 huko Colorado, Marekani, lililohusisha watu 151. Waliofundishwa kwa wiki 4 kuyatazama maumivu kama king'ora cha uongo, asilimia 66 walibaki bila maumivu au karibu hivyo. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa ilikuwa asilimia 20, na walioendelea na matibabu ya kawaida asilimia 10. Ni jaribio moja, na washiriki hawakuwa na maumivu makali sana, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Utajuaje kama yako ni ya namna hii? Hakuna kipimo kimoja. Huwa nauliza kama maumivu yanahamahama, kama siku ya msongo yanazidi, kama kuinama na chuma mkononi kunauma lakini kuinama kumbeba mtoto anayelia hukukumbuka hata kuogopa. Ila kwanza daktari aondoe mengine. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, mguu unaozidi kukosa nguvu: hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani au kuanguka vibaya navyo havisubiri.

Vikishaondolewa, kazi inaanzia kwenye zile kamba za viatu. Inama polepole ukitoa pumzi, uache mgongo ujipinde badala ya kuunyoosha kama ubao. Maumivu yakija, yatazame: yako wapi, yanachoma au yanavuta, yanapanda au yanashuka? Inuka. Rudia mara chache, kila siku. Ukizoea, ongeza mwendo kidogo. Yapo majuma mazuri, halafu siku moja yatarudi kwa kishindo bila sababu ya maana. Hutokea kwa karibu kila mtu. Siku hiyo punguza nusu ya mazoezi, usiyafute.